Kisu cha kukunja cha bei ya kawaida: namna ya kukichagua bila kupigwa

Kila mwezi lazima nipate watu wawili watatu wa swali moja, "kaka nataka kisu kidogo cha kukunja cha kutembea nacho, nina elfu thelathini, nichukue kipi?" Najibu, wiki ijayo anakuja mwingine na lile lile, afu wa tatu analeta picha ya kisu alichoshanunua tayari, mpini una fuvu la mtu, anauliza eti kizuri? Sasa nimeamua niandike yote mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii.

Mi kazi yangu ni kufunga madishi na sola. Kisu nakitoa mfukoni labda mara ishirini kwa siku, kukata vile vifungio vya plastiki vya kebo, kufungua maboksi, kukata manila, kuchuna waya nikisahau koleo, na mchana kumenya chungwa. Nimeshanunua visu vya hovyo vingi tu, kwa hiyo makosa mengi humu ni yangu mwenyewe.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda popote: hela ikiwa ndogo, nunua kisu chenye vitu vichache. Elfu thelathini ni elfu thelathini, kiwandani ikigawanywa kwenye tochi, filimbi, kifungulia soda, kivunja kioo na rangi nyeusi ya kikomando, inayobaki kwa ajili ya bapa lenyewe haifiki hata hela ya chapati mbili. Kisu cha shilingi hiyo hiyo chenye bapa, mpini, na loki ya kueleweka (ile inayozuia bapa lisijifunge) basi, kitakupita mbali.

Vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Bajeti, na usiimalize yote kwenye kisu. Kama una 30,000 weka kisu 20,000 hadi 25,000, inayobaki ya jiwe la kunolea. Kisu bila jiwe ni cha miezi miwili.
- Rula, ya mtoto wa shule inatosha.
- Karatasi, ukurasa wa daftari au karatasi ya risiti.
- Sumaku ndogo. Ile ya kwenye spika ya redio mbovu iko sawa.
- Simu yenye tochi.
- Muda. Nenda mchana kweupe. Kariakoo saa kumi na mbili jioni huku unawahi gari hununui kisu, unanunua maneno.

Hatua

1. Andika kazi tatu utakazokifanyia.

Sio tatu za kwenye muvi, tatu za wiki iliyopita. Ulikata nini? Wengi jibu ni boksi, kamba, tunda. Kama ndio hizo, bapa la sentimita 6.5 hadi 8.5 linakutosha kabisa, pima toka mpini unapoishia mpaka kwenye ncha. Watu wanataka la sentimita 12 wanasema "si bora kiwe kikubwa tu", halafu wiki ya pili kinabaki nyumbani kwa sababu mfuko unaning'inia na kila anayekiona anarudi nyuma hatua moja.

Na kama kwenye orodha yako kazi mojawapo ni kujihami na vibaka, acha kusoma hapa. Sinunui kisu kwa ajili hiyo na sikushauri, ukitoa kisu kwenye ugomvi umegeuza simu kuwa roho ya mtu, inaweza kuwa ya kwako.

2. Angalia unapopita kila siku.

Kenya na Tanzania, sheria za jinai zina kosa la kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu, kwa hiyo kisu kidogo cha kukunja kikiwa kimefungwa kwenye begi la vifaa vya kazi ni kitu kimoja, na kisu hicho hicho unakichezea mkononi kijiweni saa nne usiku ni kitu kingine kabisa. Askari anaangalia mazingira. Mahakamani, benki, uwanja wa mpira, stesheni ya SGR ambako begi linapita kwenye skana, usiende nacho. Ndege: begi la mkononi hapana, begi kubwa la chini ndio. Kila mwaka kuna mtu anamwachia askari wa uwanja wa ndege kisu kizuri kwa kusahau tu, mi mwenyewe nimeacha kimoja.

Kwa mlioko Uingereza, huko wamenyoosha: cha kukunja kisicho na loki, makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), unatembea nacho bila kuulizwa sababu. Kikiwa na loki tu, hata kama kidogo, inabidi uwe na sababu ya maana kama kazi. Na vile vya kubonyeza vikafyatuka vyenyewe, kule kuviuza kulipigwa marufuku toka 1959. Hata huku kwetu nakushauri uviache, springi zake zinakufa haraka na vinakutia doa bure.

3. Chagua aina ya loki. Hapa usiharakishe.

Loki ndio inazuia bapa lisirudi kukufungia vidole. Kuna aina nne utakutana nazo sana.

*Kisicho na loki.* Springi ya mgongoni inalibana bapa likae wazi, ukilisukuma linarudi. Ndio vile vyekundu vya Victorinox vya Uswisi, vingi vyake viko hivyo. Watu wanadharau lakini kwa tunda, boksi na kamba havina shida, na vinakufundisha adabu: hukisukumi kwa ncha. Kiwanda kile kilianza kama karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, na visu vya jeshi la Uswisi wanatengeneza toka 1891, kwa hiyo hio springi washaijua.

*Cha pete.* Pete ya chuma shingoni unaizungusha, bapa linajiloki halirudi. Opinel za Ufaransa ndio zenyewe, kisu kilianza 1890, pete ikaja 1955. Mpini wa mbao, bapa jembamba, vyuma vya kuhesabu na vidole vya mkono mmoja. Namba 7 ina bapa la sentimita 8, namba 8 ina sentimita 8.5. Ukiniambia nichague kimoja tu kwa mtu anayeanza, nachukua hiki, tatizo dukani kwetu hakipatikani kirahisi, mpaka umwagize mtu anayetoka Ulaya, ambako ni bei ya kawaida sana.

*Loki ya mgongoni.* Unabonyeza kipande kilichopo mgongoni mwa mpini ndio kinafunga. Hata za bei ndogo mara nyingi zinakuwa imara, na vidole vyako haviko njiani wakati wa kufunga. Ukipata ya kueleweka, chukua.

*Loki ya kibati cha pembeni.* Kibati chembamba ndani ya mpini kinajisogeza chenyewe nyuma ya bapa. Vikitengenezwa vizuri ni vitamu, unafungua na kufunga kwa mkono mmoja. Vikitengenezwa vibaya ndio hivi vimejaa mezani kwa machinga. Mi nilikuwa natoboa kidumu cha plastiki kwa ncha, nimekisukuma, kibati kikateleza, bapa likarudi kwenye kidole cha shahada. Nyuzi tatu. Kisu kilikuwa kimeandikwa maneno mengi sana ya kijeshi.

Kuna na ya tano kwa wanaoijua, Okapi, ile yenye pete ya kuvuta mgongoni na ukiifungua inalia tra-tra-tra. Ilianza kutengenezwa Solingen Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na sisi tukiwa humo humo, siku hizi inatengenezwa Afrika Kusini, na jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo. Bei yake nzuri, chuma kinanoleka upesi, ila kinashika kutu, na Afrika Kusini na Jamaika kina sifa ya kisu cha wahuni. Shamba sawa. Ofisini utaeleza sana.

4. Soma chuma.

Angalia bapa karibu na mpini. Kiwanda kinachojiamini kinaandika chuma gani. Ukiona 8Cr13MoV, hio ni nzuri kwa hela ndogo, makali yanakaa na kunoa si kazi. 12C27 nzuri pia. 420 na 3Cr13 ni laini, utanoa mara kwa mara lakini havikatai kunoleka. 440C yenyewe ni nzuri ila ni herufi zinazopachikwa sana kwenye visu ambavyo havijawahi kuiona, kwa hiyo isikushawishi peke yake. D2 inakaa na makali muda mrefu, lakini sio stenlesi kamili, na kwa anayeanza kuinoa ni adhabu. Ukikuta imeandikwa "STAINLESS" tu bila kingine, maana yake hawataki ujue.

Sasa ile sumaku. Kuna imani imeenea kwamba stenlesi ya kweli haishikwi na sumaku, muuzaji anaweza hata kukuonyesha kwa fahari, "unaona bosi, haishiki, orijino hii." Kwa kijiko na sufuria mara nyingi sawa. Kwa kisu ni kinyume chake! Stenlesi ya visu inapikwa ikawa ngumu, na ile inayoweza kufanywa ngumu hivyo inashikwa na sumaku vizuri tu. Bapa la chuma lisiloshika sumaku kabisa ni chuma cha vijiko, halitakaa na makali hata siku moja. Kwa hiyo sumaku ikishika haijakuhakikishia kitu, ila isiposhika rudisha.

Unayekaa Tanga, Mombasa, Unguja, au unafanya kazi na samaki, chukua stenlesi usibishane, hewa ya chumvi inakula chuma cha kaboni (kile kisicho stenlesi) ukiwa umelala. Dodoma huko unaweza kubeba cha kaboni na ukafurahi.

Na yale mawimbi mawimbi mazuri kwenye bapa kama maji, kwa bei hii yamechorwa juu tu. Sugua na msasa laini yanaondoka.

5. Angalia unene.

Watu wanapenda bapa nene, wanasema imara. Shika chungwa uone. Bapa la milimita 4 halikati chungwa, linalipasua, juisi yote shati. Milimita 2 hadi 2.5 mgongoni, na linapungua vizuri kushuka kwenye makali, ndio kisu. Hata wale wauza machungwa wa barabarani wanaomenya ganda likatoka utepe mmoja bila kukatika, kaangalie visu vyao, vimenolewa mpaka vimebaki kama jani.

Makali yawe laini moja kwa moja. Yenye meno nusu nusu yanakata kamba vizuri mwezi wa kwanza, baada ya hapo huwezi kuyanoa na jiwe la kawaida.

6. Kijaribu mkononi, papo hapo.

Muuzaji akikataa usikifungue, asante, ondoka. Fanya hivi kwa mpangilio:

Kifungue na kukifunga mara kumi. Kisikwame, kisilegee. Kikiwa kimefungwa, geuza upande bapa linakotokea uangalie chini ukitikise kidogo: bapa lisijifungue lenyewe, maana mfukoni ndio litafanya hivyo hivyo.

Kikiwa kimefungwa mulika na tochi ya simu kwa juu. Bapa likae katikati, likigusa upande mmoja wa mpini linajikwaruza na kiungo kimepinda.

Kifungue, shika bapa kwa mgongo, lisukume kulia na kushoto. Kuyumba kidogo kabisa kwenye kisu cha skrubu unaweza kukaza nyumbani. Kwenye kisu cha riveti (pini iliyogongwa moja kwa moja) hakuna cha kukaza, hicho ndio kimeshakuwa hivyo.

Loki sasa. Toa vidole vyote kwenye njia ya bapa, shika mpini kwa pembeni na kiganja, bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza taratibu ukiongeza nguvu. Loki ikiachia hata mara moja kati ya tano, weka chini. Usikigongeshe kwa nguvu kama wanavyofanya wengine, hapo unaharibu mali ya mtu hata kama ilikuwa nzima.

Mwisho karatasi. Ikate na hicho kisu kwa kushuka toka juu. Kikichana badala ya kukata sio lazima ukikatae, kunoa kunarekebisha. Ila angalia makali kwa mwanga: yakiwa na upana tofauti huku na huku, au yamepinda kama wimbi, kiwanda kilinoa kwa hasira.

7. Chunguza feki.

Ngao ya Victorinox ya bandia mara nyingi imebandikwa kiulegevu, ukucha unaingia chini yake, na shina la bapa ama halijaandikwa kitu ama maandishi yamefifia. Majina yanayofanana na jina kubwa herufi moja imebadilika, unayajua. Lakini nikwambie kitu, kisu cha Kichina chenye jina lake chenyewe kisichojifanya mwingine mara nyingi ni kizuri kuliko feki ya jina kubwa. Ganzo na Sanrenmu kwa mfano wametoa visu vingi vya hela ndogo vya heshima. Anayeiba jina ataiba na chuma.

Muuzaji atakwambia, "Bosi hiki cha jeshi, kinakata hadi msumari." Mwambie huna msumari wa kukata.

8. Kikifika nyumbani, siku ya kwanza.

Kifute mafuta ya kiwandani, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, fungua funga, futa. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda yanakuwa gundi, inzi na vumbi vyote vinahamia humo.

Kisha noa. Chukua karatasi, kona yake ni nyuzi 90, ikunje mara moja unapata 45, ikunje tena unapata 22 na kitu, huo ndio mlalo wako. Weka bapa kwenye jiwe lenye maji kwa mlalo huo, vuta kama unataka kumega kipande chembamba cha jiwe, upande mmoja mpaka usikie kijiukingo (kile kiuzi cha chuma kinachojikunja makalini) kinakwaruza kidole upande wa pili (pitisha kidole kukatiza makali, kamwe usipitishe kwa urefu). Geuza, fanya upande mwingine, afu maliza kwa kubadilishana mara moja moja ukipunguza nguvu. Jiwe hauna? Geuza kikombe cha udongo, ule mduara wa chini usiong'aa unanoa vizuri kuliko unavyodhani.

Onyo: usimpe yule fundi anayepita na jiwe la baiskeli. Kwa panga na jembe hana mpinzani. Kwa bapa jembamba la mfukoni zile cheche zinalipika makali, ukiona yamekuwa na rangi ya bluu au kahawia, ugumu umeondoka hapo na haurudi mpaka unoe upite sehemu yote iliyoungua.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kukitumia kama bisibisi, ncha inakatika. Kukifungulia kopo la rangi, ni hivyo hivyo. Kukifunga kwa kusukumia pajani, dada mmoja jirani yangu alichana jinzi na ngozi. Kumpa mtu kikiwa wazi, mfungie kwanza. Kukiweka mfuko mmoja na simu, kioo kikikwaruzika unamlaumu mtoto.

Kikikusumbua

*Kimekuwa kigumu kufunguka.* Mara nyingi ni uchafu wa mfukoni, pamba na mchanga. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, piga mswaki wa zamani ndani, kausha juani nusu saa, tone la mafuta. Kama ni cha mpini wa mbao na ni masika, mbao imevimba: gonga kitako cha mpini kwenye meza kikiwa kimefungwa, bapa litajitokeza kidogo uweze kulishika. Likikauka litarudi kawaida.

*Bapa linayumba.* Kaza skrubu ya kiungo robo mzunguko, jaribu, ongeza kidogo. Ikiwa inalegea kila wiki, weka tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu, acha ikauke.

*Madoa ya kutu.* Msasa laini sana au majivu na kitambaa chenye mafuta. Kwenye chuma cha kaboni rangi ya kijivu au bluu baada ya kukata ndimu na maembe sio kutu, iache, inakilinda kidogo. Ya chungwa ndio uiondoe.

*Makali hayakai hata siku mbili.* Noa mara mbili tatu kwanza kabla hujakitukana, makali ya kiwandani wakati mwingine yameungua juu juu tu, ndani chuma ni kizima. Ukinoa mara tano na bado, ni chuma cha vijiko, hukutumia sumaku.

*Kibati cha loki kinateleza.* Safisha sehemu kibati kinapogusana na bapa, mafuta yakifika pale kinateleza. Ukisafisha na bado kinaachia, usikipinde na koleo kama ulivyoona kwenye video. Kishushe cheo: toa ncha, kibaki cha kufungulia barua na seloteipu, au kitupe kabisa, na usimpe mtoto achezee.